Ganda Linalolia: Maswali Yenu Kuhusu Samaki wa Rojo

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na harufu ya samaki. Namzungumzia yule mnofu unaochovywa kwenye rojo la unga, ukazamishwa kwenye mafuta ya moto, ukatoka na ganda la rangi ya dhahabu linalolia ukiling'ata. Nimesimama mbele ya karai la hoteli sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwa hiyo barua hizi nimezisoma kwa raha. Wanaotaka niwafichulie siri ya mpishi nawaambia mapema: matatizo mengi mliyoandika chanzo chake ni maji. Ama yamebaki juu ya samaki kabla hajaingia kwenye unga, ama yamegeuka mvuke na kukosa pa kutokea. Mkilishika hilo, nusu ya barua hizi mngezijibu wenyewe.

*Shikamoo Mama. Samaki wangu anatoka kwenye mafuta akiwa mkavu, anavutia kabisa. Lakini kabla wageni hawajamaliza kunawa mikono, ganda limekuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nimeongeza unga, nimeongeza mayai hadi mawili, na moto nimeongeza pia. Kosa langu ni nini?*
Mwenye wageni wa Ijumaa

Marahaba mwanangu. Umenieleza unga, mayai na moto. Hukuniambia samaki unamweka wapi akishatoka. Nitabahatisha: unamlaza kwenye sahani iliyotandikwa karatasi, unampangia wenzake juu, kisha unafunika kwa sufuria au foili ili asipoe. Kama nimepatia, umekwisha kulipata jibu.

Nyama ya samaki sehemu kubwa ni maji, karibu robo tatu au zaidi ya uzito wake. Akiwa ndani ya mafuta, maji yale yanachemka na kutoka kwa nguvu. Zile povu unazoziona zikimzunguka ni mvuke wake. Mvuke huo unaposukuma kwenda nje, mafuta nayo hayapati nafasi kubwa ya kuingia ndani. Ukimwopoa, kazi haijaisha. Nyama bado ni ya moto na inaendelea kutoa mvuke kwa dakika kadhaa. Ukimfunika, mvuke unagonga kifuniko, unageuka matone, unamrudia. Ukimlaza juu ya sahani bapa, upande wa chini unalowa hata bila kifuniko.

Tafuta wavu wa waya, ule wa kupozea keki, uuweke juu ya sinia. Samaki akae hapo, hewa ipite juu na chini, asilaliwe na mwenzake. Karatasi inafaa kwa sekunde chache tu za kunyonya mafuta ya juu, si mahali pa kumwacha. Kama lazima akae na joto, muweke na wavu wake ndani ya oveni yenye nyuzijoto kama 100, mlango umeachwa wazi kidogo.

Kuna jambo jingine hapohapo. Sehemu kubwa ya mafuta anayoyanywa samaki haiingii akiwa karaini, inaingia akishatoka: ganda linapoanza kupoa, mvuke uliomo ndani unanywea na kuyavuta mafuta yaliyoshika juu. Kwa hiyo usimwopoe na kumtupa sahanini. Mshikilie juu ya karai kwenye kijiko cha matundu, mtikise, yachuruzike yote yanayoweza kuchuruzika, ndipo umpeleke kwenye wavu.

Sasa unga wenyewe. Ukitumia ngano peke yake, gluteni yake, ile protini inayonata unga ukikutana na maji, inafanya ganda liwe gumu la kuvutika na linakunywa unyevu upesi. Mayai nayo yanaongeza rangi lakini yanaleta ulaini; yaache. Kwa minofu ya gramu 700 hadi 800, mimi nachukua gramu 150 za unga wa ngano mweupe na gramu 75 za unga wa mchele, kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na kama mililita 240 za maji baridi yenye gesi. Ukikosa unga wa mchele, weka wanga wa mahindi. Nasema wanga, ule mweupe laini wa kutia uzito kwenye supu, si unga wa mahindi wa kawaida. Maji yatie mwishoni, koroga kwa uma mara chache tu, na ukiona vidonge vidogo vya unga viache viwe. Anayekoroga mpaka rojo ling'ae anaiamsha gluteni ileile tuliyojaribu kuipunguza. Rojo linalofaa linafunika mgongo wa kijiko na kudondoka taratibu. Likiwa zito mno, ganda litakuwa nene na ndani yake kutabaki unga mbichi.

*Habari za kazi, dada. Rojo langu linakataa kumshika samaki. Nikimgeuza karaini ganda linavuka lote kama koti, linabaki likielea peke yake. Natumia minofu ya kugandishwa kwa sababu ndiyo ninayoipata.*
Baba anayepika Jumapili

Salama kaka. Ganda lako halijavuka, limesukumwa. Katikati ya samaki na rojo kulikuwa na maji, maji yakachemka, mvuke ukalinyanyua.

Minofu ya kugandishwa haina ubaya wowote, ila barafu ilipojitengeneza ndani yake ilitoboa chembe za nyama, na ikiyeyuka inachuruzika maji kuliko samaki mbichi. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha, juu ya chujio lenye bakuli chini yake, ili isilale ndani ya maji yake. Kisha inyunyizie chumvi kidogo pande zote, iache dakika kumi na tano. Utaona matone yamejitokeza juu kama jasho. Yafute. Bonyeza kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, badilisha karatasi, bonyeza tena. Nyama itakuwa imekaza kidogo na imekolea, na rojo lenyewe halitahitaji chumvi nyingi.

Hatua ambayo wengi wanairuka ni unga mkavu. Kabla ya rojo, mgaragaze samaki kwenye ngano au wanga, kisha mkung'ute mpaka ubaki utando mwembamba tu. Utando huo unanywa unyevu uliosalia na kulipa rojo mahali pa kujishika. Usimgaragaze halafu ukaenda kupokea simu. Unga ukikaa juu ya samaki unalowa na kuwa gundi yenye utelezi, na unarudi ulikotoka.

Na usimgeuze mapema. Ukimtia mafutani, mshike mkiani au kwa koleo, mzamishe taratibu kuelekea upande usio wako, umtikise kidogo kwa sekunde tano hivi kabla ya kumwachia. Ganda linaanza kukaza na samaki anaelea bila kugusa chini. Wenye vikapu vya waya vya kukaangia, msivitumie kwa rojo bichi. Linashika kwenye waya na ganda linabaki kikapuni.

*Mama shikamoo. Kila maelekezo ninayoyasoma yanataka bia. Nyumbani kwetu kileo hakiingii. Je, naweza kupata ganda zuri bila hiyo, au niachane na mapishi haya?*
Msichana wa jikoni

Marahaba. Usiachane na chochote. Bia inaleta gesi, inaleta ubaridi kama imetoka kwenye friji, na kileo chake kinapunguza nguvu ya gluteni kidogo na kuvukizwa haraka, maana kinachemka kwenye nyuzijoto 78 wakati maji yanangoja 100. Gesi na ubaridi utavipata kwenye maji ya soda yasiyo na sukari. Kazi ya kileo umekwisha kuifanya kwa kuchanganya unga wa mchele. Tofauti itakayobaki ni ladha, na huyo samaki ataliwa na watu wasioijua, hawataikosa.

Chupa ifunguliwe wakati mafuta yamekwisha kupata moto, kwa sababu gesi inakaa vizuri kwenye maji baridi na inatoroka yakipata joto. Soda tamu usiguse, sukari itaungua kabla samaki hajaiva. Na wale wanaokuambia kileo chote kinaondoka kikipikwa, wanakosea. Kingine hubaki. Umefanya vyema kuuliza.

*Shikamoo mama. Naishi peke yangu, nina sufuria moja ndogo na sina kipimajoto. Siku moja samaki ni mweusi nje na mbichi katikati, siku nyingine ameiva lakini nikimkamua mafuta yanatiririka. Nitajuaje mafuta yamefika?*
Kijana wa chumba kimoja

Marahaba baba. Hii ndiyo barua niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu kipimajoto nilikuja kukitumia baada ya kuwa tayari nayajua mafuta kwa jicho na sikio. Ukikipata kinunue, si anasa. Kipimo unachokitafuta ni nyuzijoto 180 hadi 190.

Bila kipimajoto, anza na tone la rojo. Lidondoshe. Likizama chini na kukaa huko likitoa povu kivivu, mafuta bado. Likishuka kidogo, likapanda mara moja huku povu zikilizunguka, na likawa la dhahabu kwa takriban dakika moja, tia samaki. Likipata rangi kabla hujahesabu ishirini, mafuta yamepita. Ondoa sufuria kwenye moto kama unaweza kuihamisha kwa usalama, au zima na ungoje. Mti wa kijiko cha mbao nao husaidia: ukiugusisha chini ya mafuta na povu ndogondogo zikapanda mfululizo, umekaribia. Mti huo uwe mkavu. Moshi ukiuona, umechelewa sana: mafuta yameanza kuharibika na yanakaribia kuwaka.

Sasa sufuria yako ndogo. Mafuta machache hayana akiba ya joto. Unatia vipande vitatu vya baridi, joto linaporomoka, rojo linakaa humo likinywa mafuta badala ya kukauka. Huyo ndiye samaki wako wa kukamua. Halafu unaona moto hautoshi, unauongeza hadi mwisho, joto linarudi na kupitiliza, na kipande kinachofuata kinatoka cheusi. Samaki wako wawili, mweusi na wa kukamua, ni matunda ya jambo moja. Kaanga kipande kimoja kwa wakati. Ndiyo, kimoja. Mtu unaishi peke yako, unakimbilia wapi? Kila ukitoa kimoja, okota mabaki ya rojo yanayoelea, ngoja mafuta yapande tena, jaribu kwa tone, ndipo utie kingine.

Kata minofu iwe na unene unaolingana. Ya sentimita mbili inachukua dakika nne au tano. Ya tatu inafika sita au saba. Ncha nyembamba ya mkia ikunje chini yake, au ikate uikaange peke yake, vinginevyo itakauka wakati katikati panangojewa. Chagua nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi. Samaki wenye mafuta ni wazuri kwa kuchoma. Ndani ya rojo wanakuwa wazito.

Kuhusu sikio: samaki akiingia, sauti ni kubwa na ya haraka, kwa sababu maji mengi yanatoka kwa pamoja. Kadiri ganda linavyokauka sauti inapungua, povu zinakuwa chache. Hapo mwangalie rangi, mwopoe. Usisubiri kimya, maana kimya kina maana kwamba maji yamekwisha na unachokula ni mbao. Ukitilia shaka katikati, chokoa mahali penye unene kwa ncha ya kisu: nyama iwe imepoteza ule ung'avu wa kioo na inaachana kwa mapande. Mwenye kipimajoto atafute nyuzijoto 63 ndani ya nyama.

Na kwa kuwa uko peke yako, nisikilize hapa kwa makini. Mafuta yasizidi nusu ya sufuria, pungufu ya hapo ni bora, kwa sababu yatapanda samaki akiingia. Mpini usielekee unapopita. Mfuniko wa chuma unaoenea sufuria uwe mkononi kabla hujawasha jiko. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika, usiinyanyue sufuria, usifunue mpaka ipoe kabisa. Maji usiyamwage kamwe. Maji yanapogeuka mvuke yanatanuka takriban mara 1,700, na yatayarusha mafuta yanayowaka mpaka darini na usoni kwako. Moto ukikushinda, toka, funga mlango, ita wazimamoto.

*Dada yangu, mafuta ni ghali, siwezi kuyamwaga kila nikikaanga. Lakini mara ya pili yananukia samaki na chakula kinatoka cheusi.*
Mwenye kubana matumizi

Huna haja ya kuyamwaga. Kinachoyaharibu upesi ni vipande vya unga vilivyobaki chini vikiungua kila unapowasha upya. Yakishapoa, yachuje kwa kitambaa safi kikavu, yatie kwenye chombo chenye mfuniko, yakae gizani penye ubaridi. Chombo kiandike "samaki" na usiyatumie kwa kingine, hasa maandazi, labda kama familia yako haina maneno.

Idadi ya mara siwezi kukupa, kwa kuwa inategemea moto wako na usafi wa kuchuja. Tazama mafuta yenyewe. Yakiwa mazito ya kunata, yakitoa povu la juu lisiloisha, yakifuka moshi kwenye joto ambalo zamani hayakufuka, au yakiwa na harufu ya uchachu, yameisha. Usiyaongezee mapya ukadhani umeyafufua. Na usiyamwage kwenye sinki. Yataganda kwenye bomba. Yafunge kwenye chupa kuukuu, yaende na taka.

Mafuta ya kununua yawe yaliyosafishwa, yasiyo na harufu, yanayohimili moto: ya alizeti au karanga yanafaa. Siagi haifai kabisa, inaungua mapema.

*Mama, mtoto wangu hali ngano kwa sababu ya mzio. Kuna namna?*
Mzazi mwenye tahadhari

Ipo, na ganda lake wengine wanalipenda kuliko la ngano. Changanya unga wa mchele sehemu mbili na wanga wa mahindi sehemu moja, bekingi pauda na maji ya gesi yaleyale. Soma pakiti ya bekingi pauda, kwani nyingine zina wanga wa ngano ndani yake. Rojo hili linatuama, kwa hiyo koroga kabla ya kila kipande, na rangi yake haitakuwa ya dhahabu iliyokolea. Usingoje ikolee, utamkausha samaki. Unga wa kumgaragazia uwe wa mchele pia. Mafuta yawe mapya, si yale uliyokaangia rojo la ngano jana, maana vumbi la ngano hubaki humo hata ukichuja.

*Shikamoo. Naweza kutia kitunguu saumu na pilipili kwenye rojo? Na ndimu?*
Mpenda viungo

Marahaba. Vya unga mkavu, ndiyo: pilipili manga, bizari, kitunguu saumu cha unga, kwa kiasi. Kitunguu saumu kibichi kinaungua na kuwa kichungu, kimpake samaki mapema kisha ukifute. Ndimu ikae pembeni ya sahani, kila mtu ajikamulie anapokula. Ukiikamua mapema umelilowesha ganda kwa mkono wako mwenyewe. Chumvi ya mwisho nyunyizia samaki akiwa ndiyo kwanza ametoka.

*Mama shikamoo. Mume wangu anashikilia kwamba rojo lazima lilale kwenye friji usiku kucha. Mimi nasema likorogwe dakika ileile. Tumebishana vya kutosha, tuamulie. Pia tuna watu kumi jioni na jiko moja, tufanyeje?*
Mbishi mwenzako

Marahaba mwanangu, na msalimie mkwe wangu. Kwa rojo hili umeshinda wewe. Bekingi pauda inaanza kufanya kazi ikikutana na maji, na gesi ya maji ya soda nayo haingoji mtu. Asubuhi mtakuta uji wenye gluteni iliyopumzika na mapovu yaliyokwisha. Yapo marojo mengine ambayo kulala kunayasaidia, labda ndiyo anayoyakumbuka, kwa hiyo usimcheke sana. Mpe kazi hii: achanganye unga wote mkavu asubuhi, aufunike, na maji yaende kwenye friji.

Kwa watu kumi, kaangeni mara mbili. Mara ya kwanza kwenye nyuzijoto 170, mpaka nyama iive na ganda likaze likiwa bado limepauka. Mpangeni kwenye wavu, asizidi nusu saa hapo. Wageni wakishakaa, pandisheni mafuta yafike 190 na mrudishe kila kipande kwa dakika moja au moja na nusu. Mvuke uliolowesha ganda wakati wa kupumzika unatoka, rangi inakolea, na kwa kuwa muda ni mfupi mtaweza kuwalisha wote kabla wa kwanza hajaanza kuuliza kama kuna cha kuongezea. Rojo likorogeni mara mbili au tatu, kidogo kidogo, badala ya bakuli moja kubwa litakalokufa gesi mkiwa nusu ya kazi.

Samaki watakaobaki, wakipoa waingie kwenye friji. Kesho yake oveni iwe nyuzijoto 200, samaki juu ya wavu, dakika kama kumi. Maikrowevu inachemsha maji ya ndani na kuyasukumia kwenye ganda, kwa hiyo muacheni mbali nayo.